Kiporo cha Ughaibuni: Kupika Mlo wa Kushibisha kwa Mabaki ya Friji

Katika nyumba nyingi za Moshi, kiporo hakipati muda wa kuwa tatizo. Nyanya hununuliwa kwa fungu Mbuyuni au kwenye genge la jirani, mchicha hununuliwa jioni ileile unapopikwa, na ugali au wali uliobaki usiku huliwa asubuhi kwa chai. Anayehamia Uingereza, Marekani au Ujerumani hukuta mambo yamegeuka: ununuzi hufanyika mara moja kwa wiki, chakula hupikwa kwa wingi Jumapili kwa sababu siku za kazi hazina nafasi, na ifikapo Alhamisi friji imejaa vibakuli ambavyo hakuna mwenye hamu navyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, hasa yule aliyelelewa kwa machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) na makande. Ninachoshikilia ni kwamba kiporo hupendeza na kushibisha kinapotumika kama kiungo cha mlo mpya, na kwamba jambo hilo huamuliwa siku ya kupika, si siku ya kupasha.

Chukua maharage. Ukichemsha kilo nzima na kuyaunga yote kwa nazi, umejifunga kula maharage ya nazi wiki nzima, tena tui huyafanya yachache upesi. Ukiunga yale ya siku hiyo tu, na mengine ukayahifadhi pamoja na maji yake bila kitunguu wala nyanya, unabaki na akiba inayoweza kuungwa kwa karanga Jumanne, kutiwa kwenye makande, au kugandishwa katika mifuko ya mlo mmoja mmoja, iliyolazwa bapa kwenye friza ili iyeyuke haraka. Wanaotumia jungu la umeme la kupikia polepole, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa huachwa likiendelea wao wakiwa kazini, wachukue tahadhari: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili isiyoondoka kwa moto mdogo. Yaloweke, mwaga maji hayo, yachemshe kwa moto mkali kwa angalau dakika 10, ndipo uyahamishie huko. Maharage ya kopo yamekwisha kupikwa na hayana shida hiyo.

Wali unataka uangalifu zaidi, na hapa mazoea ya nyumbani hudanganya. Usiku wa Julai huko Marangu au Machame jiko hupoa sana, na ndiyo maana wengi wetu tulikua tukiona sufuria ikilala juu ya mafiga bila mtu kuitilia shaka. Ng'ambo theluji inaweza kuwa imetanda nje huku hita ikiliweka jiko katika joto la nyuzi 20 usiku kucha. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazohimili kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu, mbegu hizo huamka, na sumu inayotokea haiondolewi kwa kupasha moto wala haitoi harufu, kwa hiyo kunusa hakutoshi. Tandaza wali kwenye sinia upoe upesi, kisha uuingize kwenye friji ndani ya saa moja. Mamlaka ya chakula ya Uingereza hushauri wali huo uliwe ndani ya saa 24 na mabaki mengine ndani ya siku mbili, ilhali Wizara ya Kilimo ya Marekani huruhusu siku 3 hadi 4 kwa mabaki mengi. Friji yenyewe iwe na nyuzi 5 au chini yake, na chakula kipashwe mara moja tu, mpaka kitoe mvuke hata katikati. Maikrowevu huacha sehemu za baridi, hivyo koroga katikati ya kazi.

Ndizi ndizo zenye faida kubwa kuliko mabaki yote. Machalari yaliyolala hayapendezi yakipashwa yalivyo, kwa kuwa ndizi hukaza, rangi hubadilika na mchuzi wote hunywewa. Yageuze mtori, ile supu nzito ya ndizi za kuponda na nyama. Toa nyama, itenge na mifupa na uichambue vipande vidogo. Tia ndizi sufuriani pamoja na supu au maji ya moto ya kuzifunika, zichemke polepole mpaka zilainike tena, kisha uziponde kwa mwiko zikiwa bado zina moto, maana zikipoa hutoa mabonge yasiyovunjika. Ongeza supu kidogo kidogo ukiwa unainua mwiko kila mara: mtori ukidondoka kwa vipande bado ni mzito, ukimiminika moja kwa moja umezidi maji, na ukiteleza taratibu huku ukiacha utando kwenye mti wa mwiko, umefika. Rudisha nyama, tia siagi au maziwa kidogo, onja chumvi. Blenda huimaliza kazi hiyo mara moja, lakini huufanya mtori unate, na mimi siitumii.

Mshare, ile ndizi ya kupika ya nyumbani, ni vigumu kuupata nje ya Afrika Mashariki, ingawa maduka ya Waganda mara nyingi huuza matoke yaliyomenywa na kugandishwa, nayo yanafaa kabisa. Yakikosekana, ndizi za kawaida za dukani huchemka vizuri zikiwa bado za kijani kibichi. Usinunue mzuzu kwa ajili ya mtori; huo mahali pake ni kwenye mafuta.

Kama kilichobaki ni ndizi za kuchemsha tu, changanya na ile akiba ya maharage na uponde pamoja, upate kiburu. Kwa makande, mahindi matamu ya kopo hayafai hata kidogo kwa sababu utamu wake huharibu sufuria nzima. Tafuta mahindi meupe makubwa ya kopo yanayouzwa kwenye maduka ya Wameksiko, ambayo yamekwisha kuondolewa maganda, na makande yako yatakuwa tayari kwa nusu saa. Mahindi hayohayo, pamoja na ndizi za kupondwa, hutoa loshoro ya kuridhisha kwa mtu wa Arusha, maziwa mgando yakibadilishwa na kefir, ambayo siku hizi hupatikana katika maduka mengi ya Ulaya na Marekani.

Mengine ni mepesi. Ugali uliolala hukatwa vipande na kukaangwa mpaka ukauke nje, na kwa kuwa baridi ya friji huukaza, hukatika vizuri kuliko ule wa moto. Viazi vya oveni vilivyobaki huwa zege, yaani chipsi mayai, kwa mayai mawili. Chapati ngumu hukatwa nyembamba na kurudishwa kwenye kikaango pamoja na kabichi na kitunguu. Wali mweupe, ukiwa bado ndani ya muda wake, husagwa pamoja na mchele ulioloweshwa, tui, iliki na hamira, ukatoka vitumbua vya Jumamosi.

Nyama choma iliyopoa huwa ngumu, na kuirudisha kwenye moto mkali ni kuiua mara ya pili. Ikate nyembamba kukingama nyuzi zake, itie kwenye rosti ya nyanya na kitunguu kwa moto mdogo, funika. Mifupa ya kuku wa oveni ichemshwe kwa saa moja na nusu na tangawizi na kitunguu saumu, kwani ndiyo supu ya kugandisha itakayohitajika kwa mtori wa wiki ijayo. Kwa kila mlo wa namna hii weka kitu kibichi mezani: kachumbari iliyokatwa sasa hivi, kipande cha ndimu, pilipili, au mboga ya majani iliyochemka kwa dakika mbili. Mara nyingi anayelalamika kwamba kiporo hakimshibishi amekosa ukali na ubichi huo tu, wala hakuhitaji sahani ya pili.

Kachumbari yenyewe haihifadhiwi, kwa kuwa chumvi huitoa maji yote kufikia asubuhi. Samaki wa kukaanga wapikwe upya ndani ya mchuzi siku inayofuata au waliwe baridi, kwa maana harufu yao ndani ya maikrowevu ya kazini imeharibu urafiki mwingi. Na wali ambao hujui uliingia kwenye friji lini, umwage.