Kabla ya kuripoti dhuluma za nyumbani Kenya: mambo ya kuandaa kwa ajili yako na watoto

Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ilipitishwa Kenya mwaka wa 2015, lakini hadi leo wanawake wengi hufika kituo cha polisi bila kujua kwamba wana njia mbili, na kwamba wanaweza kuzifuata zote kwa pamoja. Njia ya kwanza ni ya jinai: unaripoti, polisi wanachunguza, serikali inamshtaki mhusika. Njia ya pili ni amri ya ulinzi, ambayo unaiomba mwenyewe kwa hakimu ili mtu huyo akatazwe kukukaribia, kukupigia simu, kufika kazini kwako au shuleni kwa watoto. Kesi ya jinai lazima ithibitishwe pasipo shaka, na inaweza kuchukua muda mrefu. Amri ya ulinzi ya muda inaweza kutolewa kabla mlalamikiwa hajaitwa, hakimu akiridhika kwamba kuchelewa kutakuhatarisha. Anayehitaji kulala salama wiki hii asitegemee kesi ya jinai peke yake.

Jua kwanza kama yanayokupata yanaingia kwenye sheria. Si kipigo tu. Sheria ya 2015 inataja matusi na mateso ya kisaikolojia, vitisho, kukufuata-fuata, kuharibu mali, kukunyima matumizi au kukuzuia usifanye kazi, na pia mambo ambayo jamaa huyaita mila: kumrithi mjane kwa nguvu, kumtakasa mjane, ukeketaji, ndoa ya kulazimishwa, ndoa ya mtoto, hata mashemeji na wakwe kuingilia ndoa. Inamlinda mke, aliyeachika, mchumba, mtoto, jamaa na mtu anayeishi nawe nyumba moja. Huhitaji cheti cha ndoa ndipo usikilizwe.

Kuna jambo moja ambalo watu hulikosea. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 43(5), ina kikwazo kinachofanya iwe vigumu sana kumshtaki mume kwa kumbaka mkewe wa ndoa halali. Sheria ya 2015, kwa upande wake, inataja wazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa dhuluma. Kwa hiyo mke akiambiwa kituoni kwamba hakuna kosa kama hilo, mlango wa amri ya ulinzi bado uko wazi kwake, na majeraha aliyoachiwa yanaweza kushtakiwa kama shambulio.

Kumbukumbu zinazosimama mahakamani

Anza kuandika mapema, hata kama bado hujaamua kuondoka. Kila tukio liwe na tarehe, saa, mahali, kilichofanywa, maneno yaliyosemwa na nani alisikia. "Amekuwa akinipiga kwa miaka" ni kweli inayouma, ila hakimu hana pa kuishikia. "Jumapili usiku, kama saa tatu, alinipiga kwa mshipi mgongoni mbele ya mtoto wetu wa kwanza, na jirani wa mlango wa pili akagonga" ni kitu kinachoweza kuulizwa na kujibiwa. Daftari lisikae nyumbani mhusika akiweza kulipata. Liache kwa mtu unayemwamini, au jitumie ujumbe kwenye barua pepe mpya ambayo nywila yake haijui.

Piga picha za majeraha: moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha uso wako, kisha rudia siku mbili tatu baadaye, kwa sababu wekundu wa leo huwa doa jeusi kesho kutwa. Jumbe za vitisho usizifute, na ukipiga picha ya skrini hakikisha nambari na tarehe vinaonekana. Simu yenyewe itunze. Ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Jumbe nzuri kabisa hukataliwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka cheti hicho. Kama dhuluma ni ya pesa, taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa husema mengi.

Hospitali kwanza

Kama umeumia, nenda hospitali kabla ya kituo. Hakuna anayepaswa kukunyima matibabu kwa sababu huna fomu ya polisi. Kwa aliyebakwa au mtoto aliyenajisiwa saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Tembe za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, nguvu yake ikipungua kila saa. Asioge wala asifue nguo. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu uliofungiwa ndani ya plastiki huozesha chembechembe zinazotafutwa na maabara. Hospitali hujaza fomu ya PRC, ambayo ni ya waathiriwa wa ukatili wa kingono. Uliza nakala yako kabla ya kuondoka. Hospitali za umma hutoa matibabu haya bila malipo.

Aliyekabwa koo aende hospitali hata kama shingo haina alama. Sauti kukwaruza, kushindwa kumeza, vidoa vyekundu machoni, kupoteza fahamu hata kwa sekunde au kujikojolea ni dalili za hatari, na madhara yanaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Mwambie daktari neno "alinikaba" ili aliandike. Kukabwa ni mojawapo ya ishara kubwa kwamba mtu huyo anaweza kuua, kwa hiyo lisiachwe nje ya taarifa yako.

Kituo cha polisi na fomu ya P3

Omba dawati la jinsia. Unaweza kuomba taarifa yako ichukuliwe na afisa wa jinsia yako. Usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwa sababu bila hiyo ripoti yako ni kama haikutolewa, na muda ukipita hakuna atakayeikumbuka. Soma maelezo kabla ya kutia sahihi. Kama yameandikwa "ugomvi wa kifamilia" ilhali ulisema ulikatwa kwa panga, sema yarekebishwe hapo hapo.

P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha yako, haiuzwi. Polisi hujaza sehemu yao, kisha unaipeleka kwa daktari. Humo daktari huandika umri wa majeraha kwa saa, siku au wiki, aina ya kifaa kinachoelekea kuwa kiliyasababisha, matibabu uliyopata kabla, na mwisho kiwango cha madhara. Neno hilo moja la mwisho lina uzito wa ajabu: madhara ya kawaida huelekeza shtaka la shambulio lenye adhabu ya hadi miaka 5, na madhara makubwa huelekeza shtaka ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Ndiyo sababu hupaswi kuvumilia maumivu kimya kimya mbele ya daktari. Taja kila mahali panapouma, jino lililolegea, sikio lisilosikia vizuri. Nenda na karatasi za matibabu ya siku ya kwanza, maana P3 inayojazwa wiki tatu baadaye bila rekodi hizo hupigwa maswali mahakamani.

Kituoni unaweza kuambiwa mkayamalize nyumbani, au uanze kwa chifu na wazee. Huna wajibu huo. Omba kumwona OCS, mkuu wa kituo, na asipokusaidia unaweza kulalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Na mtoto aliyenajisiwa hana kesi ya kumalizwa kwa mbuzi wala fidia. Uamuzi wa kuondoa mashtaka hayo hauko mikononi mwa familia. Sheria inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, na vifungo virefu kwa anayemnajisi mtoto aliyezidi umri huo. Wazee wanaokaa kupanga malipo hununua wakati kwa mhalifu, na wakati huo ndio unaoua ushahidi.

Kuondoka nyumbani

Siku ya kuondoka na wiki zinazofuata ndizo za hatari zaidi, kwa hiyo usimtangazie. Begi dogo likae kwa rafiki ambaye si wa ukoo wake. Ndani weka kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kijitabu cha kliniki, cheti cha ndoa kama kipo, kadi ya benki, dawa, funguo za ziada, nakala za hati za nyumba au shamba, na nauli ya pesa taslimu, kwa sababu kila muamala wa simu huacha nyayo. Badilisha PIN ya M-Pesa na nywila za barua pepe ukiwa tayari uko salama. Ukibadilisha siku tatu kabla, utakuwa umempa taarifa. Angalia kama simu yako imeunganishwa na akaunti anayoijua, kwani anaweza kuona ulipo bila kukupigia.

Wafundishe watoto neno la siri la kukimbilia kwa jirani, na wasifundishwe kuingilia kati. Vurugu zikianza, kaa mbali na jikoni na chumba kisicho na mlango wa pili. Nambari za bure za kukariri ni 1195 ya ukatili wa kijinsia, 116 ya watoto, na 999 au 112 za polisi.

Kama unaweza, ondoka na watoto. Ukiwaacha, ni rahisi mwenzako kudai baadaye kwamba wamezoea kukaa naye. Ripoti kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo mara ufikapo mahali salama, ili isisemwe umewaiba. Katiba na Sheria ya Watoto ya 2022 zinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la, na matunzo unaweza kuyadai hata kama mmetengana. Mtoto aulizwe maswali mara chache iwezekanavyo, na mtu mmoja aliyefunzwa. Mtoto aliyesimuliwa na kusimulishwa na shangazi, mwalimu na jirani hufika kizimbani akiwa na maneno ya watu wengine.

Maombi ya amri ya ulinzi

Maombi hupelekwa mahakama ya hakimu pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia. Unaweza kuyapeleka bila wakili, ingawa FIDA Kenya na mashirika mengine ya msaada wa kisheria husaidia wasio na uwezo. Mtoto huwakilishwa na mtu mzima, na asiyeweza kufika mwenyewe anaweza kuombewa. Karani wa mahakama atakuonyesha jinsi ya kusajili mtandaoni. Kama huna pesa za ada, uliza utaratibu wa kusamehewa.

Hati ya kiapo ianze na tukio la mwisho, kisha lile baya zaidi, kisha historia kwa ufupi. Ambatanisha P3, picha, jumbe na nambari ya OB. Mweleze hakimu kama mlalamikiwa ana silaha, kama ameshatishia kuua, na kama anajua unapoishi sasa. Omba makazi yako mapya yasiandikwe kwenye karatasi atakazopewa. Kisha taja kwa jina kila unachotaka: asifike nyumba hii, shule hii, kazini hapa, asikupigie wala kutuma watu, uruhusiwe kukaa nyumbani yeye akitoka, polisi wakusindikize kuchukua vitu vyako. Hakimu hawezi kubahatisha usiyoyaomba, na amri isemayo tu "asimsumbue" humwacha polisi bila kipimo.

Amri ikitolewa, kazi kubwa ni kumfikishia mlalamikiwa. Asiyekabidhiwa atasema hakuijua, na mara nyingi atasikilizwa. Aliyempelekea aape hati ya kuthibitisha alimkabidhi siku gani na wapi. Nakala moja ipeleke kwa OCS, nyingine kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mlinzi wa kazini, na moja itembee nawe. Andika tarehe ya kusikilizwa mahali utakapoiona: usipofika, amri ya muda inaweza kuondolewa siku hiyo hiyo. Kuivunja ni kosa lenye adhabu ya hadi miezi 12 gerezani, faini isiyozidi shilingi 100,000, au vyote viwili. Akivunja kwa simu moja tu ya "nisamehe", ripoti, pata OB mpya, na usimjibu. Ukianza kuwasiliana naye mwenyewe, wakili wake atazileta jumbe hizo kuonyesha kwamba humwogopi. Kama ni lazima mzungumzie watoto, mwombe hakimu ataje mtu wa kati na njia itakayotumika.