Jinsi ya kuandaa maombi ya uzamili katika Kiingereza

Waombaji wengi wa uzamili katika Kiingereza wana alama nzuri. Anayechaguliwa hutambulika kwa kurasa chache alizoandika mwenyewe, zinazoonyesha namna anavyosoma matini. Nimesimamia wanafunzi wa ngazi hii na kusoma maombi yao, na ushauri wangu wa kwanza ni muda: anza angalau miezi sita kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Hatua ya 1: Jua unachoomba

Idara moja ya Kiingereza inaweza kubeba fasihi, isimu, balagha (sanaa ya kushawishi kwa maneno) na uandishi wa kubuni, na kila tawi lina mahitaji yake. Ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili mara nyingi huwa katika kitivo cha elimu, kwa hiyo usiutafute mahali pasipo pake. Angalia pia muundo. Uingereza, uzamili wa kusoma darasani kwa kawaida ni mwaka 1 na huishia kwa tasnifu. Marekani mara nyingi ni miaka 2, lakini idara nyingi za huko humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu. Wengi hawalijui hilo, nalo hubadilisha hesabu nzima ya fedha: uzamivu huko aghalabu huja na msamaha wa ada na posho ya kufundisha, ilhali mwanafunzi wa uzamili mara nyingi hujilipia.

Hatua ya 2: Punguza mada mpaka iwe swali

“Nataka kutafiti wanawake katika riwaya” bado ni mada pana mno. Iminye. Riwaya zipi? Tuseme zile za Kiingereza za karne ya 18 zilizosimuliwa kwa barua. Nini ndani yake? Watumishi wa kike wanaozibeba barua hizo. Sasa swali linaanza kuonekana: kwa nini mtu ambaye hadithi nzima inategemea miguu yake mara nyingi hapewi barua hata moja ya kuandika? Swali la namna hiyo lina matini ya kulichunguza, lina ubishi ndani yake, na mtu mwingine anaweza kulijibu tofauti na wewe. Kama jibu la swali lako halipingiki, tafuta swali jingine.

Hatua ya 3: Andaa sampuli ya maandishi

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi. Vyuo vingi huomba kurasa kati ya 10 na 20; shika kikomo walichokuweka. Chukua insha yako bora ya shahada ya kwanza, kisha uiandike upya.

Anza na kifungu kimoja cha matini. Kisome kwa sauti. Weka alama kwenye vitenzi, mahali msimulizi anaponyamaza, na mahali sentensi inapokatika ghafla. Kwa neno lolote la zamani, fungua Oxford English Dictionary: kila maana imewekewa mifano yenye miaka, kwa hiyo utaona neno lilibeba nini wakati kitabu kinaandikwa. Uchambuzi mwingi huanguka kwa sababu mwandishi amelisoma neno la mwaka 1750 kwa maana ya leo.

Ukishaandika usomaji wako mwenyewe, ndipo uwaite wahakiki. Tafuta makala kupitia JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, na MLA International Bibliography, orodha ya machapisho ya kitaaluma kuhusu lugha na fasihi, uchague wawili au watatu wasiokubaliana, kisha useme wazi wewe unasimama wapi kati yao. Ukianza nao, sauti yako itazama chini ya nukuu zao, na msomaji hatajua wewe umeona nini. Nadharia nayo iingie pale tu inapokuonyesha jambo ambalo usingeliona bila hiyo.

Kisha futa kila aya inayosimulia kisa tu. Kamati ya udahili inataka kuona hoja.

Marejeleo yafuate mtindo mmoja. Fasihi hutumia zaidi MLA, ambayo toleo lake la 9 lilitoka mwaka 2021. Wanaisimu wengi hutumia APA.

Hatua ya 4: Andika maelezo ya malengo

Acha habari za kupenda vitabu tangu utotoni. Karibu kila mwombaji anazileta. Taja swali lako katika aya ya kwanza, eleza kazi uliyokwisha kuifanya juu yake, kisha mtaje mhadhiri ambaye utafiti wake unakaribiana na wako na useme unakaribiana vipi. Soma makala yake nzima kabla ya kuandika jina lake. Mwenye makala hugundua mara moja kama uliishia kwenye ikisiri.

Hatua ya 5: Barua za mapendekezo na mitihani

Muombe mwalimu aliyesahihisha insha zako, hata kama cheo chake ni kidogo. Mpe rasimu ya maelezo yako na sampuli, na umwachie wiki nne au zaidi.

Matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza chako, hutumika kwa miaka 2, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno. Ule wa GRE (mtihani wa kujiunga na masomo ya juu, hasa Marekani) wa fasihi ya Kiingereza ulisitishwa mwaka 2021. Usinunue vitabu vya kuusomea.

Hatua ya 6: Uliza fedha kabla ya kutuma

Iandikie ofisi ya idara: ufadhili unaombwa pamoja na nafasi, au kwa fomu ya pekee? Mara nyingi tarehe yake ya mwisho hutangulia ile ya maombi kwa wiki kadhaa.