Somo: Ratiba ya chakula kwa paka mwenye kisukari, saa 12 kwa saa 12

Somo hili ni la paka aliyekwisha kupimwa na daktari wa mifugo, akathibitishwa kuwa ana kisukari na akaanzishiwa insulini mara mbili kwa siku. Kama paka wako anakunywa maji kupita kawaida na anakonda huku anakula, bado hajafika hapa. Figo na tezi ya shingo nazo huleta dalili zinazofanana na hizo, kwa hiyo anza na vipimo.

Hatua ya 1: Chagua saa, kisha ishike

Sindano mbili zinapishana saa 12, na chakula kinafuata sindano. Hapa saa yetu ya Kiswahili inarahisisha kazi: ukichoma saa 12 asubuhi, utachoma tena saa 12 jioni. Anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri achague saa 11 na saa 11. Kabla ya kuamua, jiulize kama saa hiyo utaiweza Jumapili na siku ya harusi, maana wengi huchagua saa ya siku za kazi na mwisho wa juma mambo yakaharibika. Kuchelewa nusu saa si neno. Kuchelewa saa mbili leo na kuwahi saa mbili kesho ndiko kunakofanya sukari ipande na kushuka bila mpango, halafu lawama anapewa daktari kwamba dozi haifai.

Hatua ya 2: Tazama kilichomo kabla ya kutazama saa

Watu huhangaika na ratiba wakati bakuli limejaa wanga. Mwili wa paka umeumbwa kuendeshwa na nyama. Wanga mwingi anaumudu kwa shida hata akiwa mzima. Lengo ni chakula ambacho wanga hautoi zaidi ya asilimia 12 ya nishati yote. Kiasi cha wanga mara nyingi hakiandikwi kwenye kopo, lakini unaweza kukipata kwa kutoa.

Chukua 100, toa protini, mafuta, unyevu, majivu (yaani madini) na nyuzinyuzi. Kopo likisema protini 11, mafuta 5, unyevu 80, majivu 2 na nyuzinyuzi 0.5, jumla ni 98.5, kwa hiyo wanga ni gramu 1.5 katika kila gramu 100. Sasa geuza kuwa nishati: kila gramu ya protini au wanga hesabu kilokalori 3.5, ya mafuta 8.5. Utapata 38.5 + 42.5 + 5.25, yaani karibu kilokalori 86. Wanga ni 5.25 kati ya hizo, sawa na asilimia 6. Kopo hilo linafaa.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mfuko wa chakula kikavu wenye protini 32, mafuta 12, unyevu 8, majivu 7 na nyuzinyuzi 3. Wanga unabaki gramu 38, na nishati inayotokana nao ni asilimia 38. Hata ukimlisha chakula hicho kwa dakika kamili kama treni, sukari itakusumbua. Makopo yenye vipande ndani ya mchuzi mzito yaangalie mara mbili, kwa sababu mchuzi huo mara nyingi umeshikwa kwa unga. Ya nyama iliyosagwa ikashikana huwa salama zaidi.

Hatua ya 3: Pima kiasi kwa mizani, si kwa jicho

Zidisha uzito wa paka kwa 30, kisha ongeza 70. Paka wa kilo 4.5 mwenye umbo la wastani anapata 205, yaani kilokalori 200 na kidogo kwa siku. Kwa kopo letu la kilokalori 86 kwa gramu 100, hiyo ni takriban gramu 240. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha.

Paka mnene anahesabiwa kwa uzito anaotakiwa kuwa nao, kisha unazidisha kwa 0.8. Ana kilo 6.5 na anatakiwa awe na 5? (30 × 5 + 70) × 0.8 ni 176. Mpime kila wiki. Kupungua asilimia 1 kwa wiki, kwa huyu gramu 65, ni mwendo mzuri. Kusizidi asilimia 2. Usimnyime chakula ili apungue haraka: paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta huhamia kwenye ini likashindwa kazi, na ugonjwa huo huua.

Hatua ya 4: Gawa milo

Kwa gramu 240, mgawo unaofanya kazi ni huu:

Saa 12 asubuhi: gramu 85, pamoja na sindano.
Saa 6 mchana: gramu 35.
Saa 12 jioni: gramu 85, pamoja na sindano.
Saa 4 au 5 usiku, kabla hamjalala: gramu 35.

Hiyo milo midogo ina sababu yake. Kwa insulini nyingi za paka, sukari hufika chini kabisa kati ya saa ya 4 na ya 8 baada ya sindano. Chakula kidogo kikiwa tumboni wakati huo kinampa akiba. Kama nyumbani hakuna mtu mchana, tumia kilishio cha saa chenye sehemu ya barafu, au gandisha zile gramu 35 usiku na uziweke bakulini unapotoka. Kwa joto la Dar au Mombasa, chakula cha kopo kilichoyeyuka kisikae zaidi ya saa mbili, kwa hiyo njia ya kugandisha inamfaa anayechelewa kutoka kuliko anayetoka alfajiri.

Ukishindwa milo minne, milo miwili mikubwa wakati wa sindano inakubalika. Paka aliyezoea kudonoa siku nzima naye anaweza kuachwa adonoe, mradi chakula kina wanga kidogo na jumla ya siku haizidi.

Hatua ya 5: Mpangilio wa robo saa ya sindano

Pima sukari kwanza, kwenye ukingo wa sikio lililopashwa joto kwa kitambaa. Weka chakula. Akishaanza kula vizuri, mchome akiwa bado anakula. Wengi hawageuki hata kuangalia. Usichome kwanza halafu ukangoja kuona kama atakula. Insulini ikishaingia hairudi.

Andika kwenye daftari: saa, sukari, gramu alizokula, dozi, maji aliyokunywa. Mashine za kupima sukari za binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo ya hali halisi kwa paka, kwa hiyo tumia mashine ileile siku zote, na daktari ajue ni ipi.

Hatua ya 6: Kubadili chakula, mahali ambapo watu huumiza paka wao

Paka amekuwa akila chakula kikavu na dozi yake imepangwa kwa wanga ule. Leo unamhamishia kopo lenye wanga asilimia 6 na unaendelea kuchoma dozi ileile. Kile kilichokuwa kikipandisha sukari kimeondoka, insulini imebaki, na sukari inaporomoka. Mwambie daktari kabla hujaanza, maana dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Badilisha kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani kidogo kidogo, na katika siku hizo pima sukari kabla ya kila sindano na tena saa ya 6 baada yake. Huna mashine ya kupimia? Basi usibadili chakula peke yako.

Hatua ya 7: Sukari ikishuka

Dalili ni kulegea, kuyumba kama mlevi, njaa ya ghafla, kutetemeka, na mwisho degedege. Ikisoma chini ya 3.3 mmol/L, usibishane na mashine. Anayeweza kula apewe chakula papo hapo, hata kile kikavu chenye wanga. Siku hiyo ndicho dawa. Asiyeweza kula, mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye ufizi, kijiko kimoja cha chai, kidogo kidogo. Usimmiminie kinywani paka aliyezimia, kitaingia mapafuni. Akizinduka, mlishe na mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa insulini bado inafanya kazi.

Maswali ya wanachama

Mama Kijivu: Wangu wakati mwingine anakula nusu tu halafu anaondoka. Nichome yote?

Hapana, dada. Maagizo ambayo madaktari wengi hutoa ni nusu ya dozi kwa aliyekula nusu, na kutochoma kabisa kwa aliyegoma au anayetapika, kisha kupiga simu. Muombe wako akuandikie maagizo yake, uyabandike kwenye friji. Akimaliza saa 24 bila kula, mpeleke, usingoje kesho yake.

Abuu: Ramadhani nyumba nzima inakula futari na daku. Naweza kumhamishia paka saa hizo?

Usimhamishe, kaka. Kutoka futari ya saa 12:30 jioni hadi daku ya saa 10 alfajiri ni saa 9 na nusu tu, na kutoka hapo hadi futari inayofuata ni saa 14 na nusu. Mwache kwenye 12 na 12. Jioni mchome kabla ya adhana, ndipo ukae mkekani; asubuhi, ukirudi kulala baada ya swala, tega kengele.

Mdau wa Arusha: Makopo ni ghali. Nikimpa kuku wa kuchemsha na dagaa?

Kwa siku mbili tatu za dharura, sawa. Kwa miezi, hapana: nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na taurini, ambayo paka hawezi kuishi bila kuipata, hupotelea kwenye maji ya kuchemshia. Dagaa wasio na chumvi wanafaa kama kitafunio, visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Ugali, wali na maziwa acha kabisa. Na mchuzi wa mezani una vitunguu, ambavyo huharibu damu ya paka.

Bi Tanga: Nimechoma, lakini manyoya yalilowa. Sijui imeingia kiasi gani.

Usirudie. Sukari ikipanda kwa saa 12 utairekebisha, dozi mbili zikigongana unaweza kumpoteza. Subiri sindano inayofuata.

Juma P.: Duka la dawa limeishiwa mabomba yangu ya sindano, wakanipa mengine. Si yote ni ya insulini?

Angalia maandishi kwenye bomba. Insulini ya Lantus ina yuniti 100 kwa mililita, na bomba lake huandikwa U-100. Insulini za Caninsulin na ProZinc zina 40, na bomba lake ni U-40. Ukivuta Lantus kwa bomba la U-40 hadi alama ya 2, umevuta yuniti 5. Ukivuta Caninsulin kwa bomba la U-100 hadi alama hiyohiyo, umepata 0.8 tu. Rudisha hayo mabomba kama hayalingani na chupa.

Mama Kijivu: La mwisho. Leo asubuhi kabla ya sindano amesoma 5.2. Kawaida ni 14.

Usichome dozi ya kawaida. Mlishe, pima tena baada ya saa moja au mbili, na umpigie daktari leo hii. Kama itaendelea hivyo siku kadhaa, huenda mwili wake umeanza kujimudu. Hutokea kwa paka, hasa miezi ya mwanzo na chakula kikiwa sahihi. Sindano zikisimamishwa, kopo lisibadilike, na sukari iendelee kupimwa kila wiki.