Kuishi kwa kanuni zako mwenyewe Bukavu, bila kanisa wala msikiti

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 22, inalinda uhuru wa mawazo na dhamiri pamoja na ule wa dini. Ruhusa unayo, kazi ni kuandika.

Chukua daftari, andika kanuni tano, zisizidi saba. Zikiwa ishirini hutazikumbuka pale sokoni Kadutu umerudishiwa franga za ziada. Kila moja itaje kitendo kinachoonekana. "Niwe mwema" haipimiki. "Nikikopa dola 20, nataja siku ya kulipa na siipitishi" inapimika. Jiulize pia: muuzaji akiitumia kanuni hiyo kwangu, nitaikubali? Ukisita, ifute.

Jumapili asubuhi, majirani wakiwa ibadani, kaa dakika 15 na daftari. Andika ulipovunja kanuni, nani aliumia, utamrudishia nini. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu hujisamehe wenyewe kimya kimya. Hakuna padri wa kukuondolea kosa, hivyo msamaha anao yule uliyemkosea. Mfuate kabla wiki haijaisha. Nakala ya kanuni mpe mtu asiyekuogopa, shangazi kwa mfano, akuhoji kila mwezi.

Matanga usiyakimbie kamwe. Changa, beba viti, lala na wafiwa. Wakati wa sala simama na unyamaze. Ukiulizwa unasali wapi, jibu kwa upole: "Mzee, sina kanisa, ila niko pamoja nanyi." Usianzishe ubishi mbele ya maiti, hata ukichokozwa.