Ng'oa, pima, unga: kutoka plaki mbovu hadi taa inayojiwasha giza likiingia

Plaki (bodi yenye vipuri) ya radio iliyokufa mara nyingi imeuawa na kipuri kimoja au viwili. Vingine vyote ni vizima, na mafundi wa Kadutu wanalijua hilo, ndiyo maana hawatupi kitu. Kwa anayeanza hapa Bukavu, kupata vipuri si kazi. Kazi ni kuvitambua. Rezistansi (kipuri kinachozuia umeme kiasi) iliyosomwa vibaya au transista (swichi ndogo ya miguu mitatu) iliyogeuzwa miguu itakushindisha juani ukitafuta kosa kwenye mchoro, kumbe mchoro hauna kosa. Kwa hiyo kipuri kisiingie kwenye sakiti kabla hakijapita kwenye multimeta, yaani kipimio cha volti na ukinzani, hata kama kimetoka dukani.

Kung'oa

Anza na radio ya betri, taa ya sola au kichezeo. Chaja na plaki ya televisheni ziache kwanza, maana zinapokea 220 V za SNEL, shirika la umeme, na ndani yake umeme huo ukishanyooshwa (ukigeuzwa kuwa wa upande mmoja kama wa betri) unafika karibu 310 V. Unakaa ndani ya kondansateri (kipuri kinachohifadhi umeme) nene iliyoandikwa 400 V, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Ukilazimika kuifungua, shika rezistansi ya 10 kΩ (om elfu kumi) yenye mwili mkubwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, iguse kwenye miguu yote miwili ya kondansateri kwa sekunde tano, kisha pima volti. Chini ya 5 V ndipo uguse. Kuigonga kwa bisibisi kunaleta cheche na kunaweza kukurushia chuma kilichoyeyuka.

Pasha risasi ya kulehemu upande wa nyuma na vuta mguu mmoja mmoja. Usikae juu ya mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu: diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) na transista huharibika kwa joto, na ledi, ile taa ndogo, zaidi. Miguu ikibaki mifupi chini ya milimita 6 haitashika kwenye plaki ya majaribio (ile ya matundu, isiyohitaji kulehemu), basi irefushe kwa vipande vya miguu ya rezistansi nyingine.

Kutambua

Rezistansi ina mistari ya rangi. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwenye zile za mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, wa nne ni kiasi cha kukosea: dhahabu 5%, fedha 10%. Manjano, zambarau, chungwa ni 47 na sifuri tatu, yaani 47 kΩ. Nyekundu, nyekundu, kahawia ni 220 Ω. Zile za mwili wa buluu mara nyingi zina mistari mitano, tarakimu tatu kabla ya sifuri, hivyo 47 kΩ hiyohiyo inakuwa manjano, zambarau, nyeusi, nyekundu. Rangi hudanganya pale plaki ilipopata joto: nyekundu iliyochomeka hufanana na kahawia, chungwa hufanana na nyekundu. Pima. Na upime ikiwa nje ya plaki, au mguu mmoja ukiwa umeinuliwa, kwa sababu vipuri jirani huupa umeme wa multimeta njia nyingine, na namba inashuka. Vidole viwili juu ya miguu yote miwili vinafanya vilevile kwa rezistansi kubwa.

Kondansateri ndogo bapa ya udongo haina upande. Ikiandikwa 104, soma 10 na sifuri nne: pF 100,000, ambazo ni 0.1 µF. Ile ya duara kama pipa ina upande, na mstari wa ubavuni unaonyesha mguu wa hasi. Ikivimba kichwani au ikivuja, itupe. Sasa kuna ya tatu, ndogo, ya manjano au chungwa, yenye umbo la tone au kisanduku. Hiyo ni ya tantali, madini yanayotoka kwenye koltani, ileile inayochimbwa Numbi kule Kalehe na Rubaya kule Masisi. Inazunguka dunia nzima na kuturudia ndani ya simu. Juu yake alama ni chanya, kinyume kabisa na pipa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanaona mstari, wanadhani ni hasi, wanaigeuza, na tantali iliyogeuzwa huwaka kwa moto halisi.

Diodi haihitaji maneno mengi: mstari ni upande wa hasi. Weka multimeta kwenye alama ya mshale unaogonga ukuta. Upande mmoja isome kati ya 0.5 na 0.7, upande wa pili isisome kitu. Ikisoma sifuri pande zote imeungana ndani. Diodi ndogo za kioo ziweke kando, kwa sababu zena (diodi za kushikilia volti) na 1N4148 (diodi ya kawaida) zinafanana kama mapacha. Ledi nayo ipime kwa alama hiyohiyo: ikitoa mwanga hafifu, mguu ulioguswa na waya mwekundu ndio chanya. Usitegemee mguu mrefu kwa ledi iliyokwisha kukatwa.

Transista ndiyo ya kukaa nayo. Ukiishika uso bapa ukikutazama, miguu chini, miguu ya BC547 ni kolekta, bazi, emita kutoka kushoto: bazi ndiyo inayoamuru, umeme wa mzigo hupita kati ya kolekta na emita. S8050, S9014 na 2N3904 ni emita, bazi, kolekta. Kwa 2N2222 ya plastiki kuna zenye mpangilio huu na zenye ule, kulingana na herufi zilizo mbele ya namba. Kwa hiyo usibishane na jina, tafuta mwenyewe. Kwenye alama ya diodi, tafuta mguu ambao ukiwekwa waya mwekundu, miguu mingine miwili yote inasoma 0.6 hadi 0.7 kwa waya mweusi. Huo ni bazi, na transista ni NPN, aina ileile ya BC547. Kisha linganisha zile namba mbili kwa makini, kwa mfano 0.672 na 0.668: iliyo kubwa kidogo ni upande wa emita. Tofauti ni ndogo lakini haibadiliki ovyo. Ila usipime kipuri kikiwa bado moto wa kulehemu, maana joto linashusha namba zote mbili.

Plaki ya majaribio

Plaki ya matundu 400 inatosha. Matundu matano ya kila safu fupi yameungana chini, mfereji wa katikati unazitenga pande mbili, na mistari mirefu ya pembeni ni ya chanya na hasi. Kwenye plaki ndefu mistari hiyo wakati mwingine imekatika katikati, basi ipime kwa alama ya mlio ya multimeta kabla ya kuiamini. Waya mzuri ni ule wa uzi mmoja ulio ndani ya kebo ya intaneti. Menya milimita 7. Waya wa nyuzi nyingi hukunjika ndani ya tundu na kugusa jirani. Mguu mnene wa diodi ya ampea tatu usiusukume humo, utalegeza vishikio na tundu hilo halitashika tena rezistansi. Na 220 V hazina nafasi kwenye plaki hii hata siku moja.

Sakiti yenyewe

Unahitaji BC547 moja, rezistansi ya 47 kΩ, nyingine ya 220 Ω, ledi nyekundu, fotorezistansi moja (kidude cha duara chenye mstari wa nyoka usoni), na 5 V kutoka kwenye tundu la USB la kisanduku cha sola au chaja. Kata kebo ya USB ya zamani: kwa kawaida nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini kebo za bei rahisi hazifuati rangi, basi pima. Pawabenki haifai. Nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na ledi moja inakula miliampea 13 tu.

Kwanza funika fotorezistansi kwa kiganja ukiipima: ipande kutoka kΩ chache hadi mamia. Halafu:

1. Chomeka transista ili kila mguu uwe na safu yake.
2. Emita iende kwenye hasi.
3. 47 kΩ itoke chanya hadi bazi.
4. Fotorezistansi itoke bazi hadi hasi.
5. Kutoka chanya weka 220 Ω, kisha ledi, na mguu hasi wa ledi uende kolekta.
6. Angalia yote tena, ndipo utie umeme.

Mwanga ukiwepo, fotorezistansi ina ukinzani mdogo na inaivuta bazi chini ya 0.6 V, kwa hiyo transista imefunga. Giza likiingia, ukinzani unapanda, na ukipita karibu 7 kΩ bazi inafika 0.65 V na ledi inaanza kuwaka. Ukitaka iwake mapema zaidi, badala ya 47 weka 22 kΩ. Ukitaka isubiri giza zaidi, weka 100 kΩ, ila ledi itafifia.

Isipowaka hata ukiifunika, pima volti kutoka hasi. Bazi ikisoma 0.7 na kolekta bado iko juu ya 3 V, karibu kila mara kolekta na emita zimebadilishana. Bazi ikisoma karibu sifuri, 47 kΩ haikushika kwenye tundu: kwangua miguu kwa wembe, maana vipuri vilivyokaa kwenye unyevu hapa huota kutu ya kijani. Kolekta ikisoma 0.2 V wakati ledi haijawaka, ledi imegeuzwa au imekufa. Ikiwaka mchana na kuzima usiku, umebadilisha nafasi za fotorezistansi na 47 kΩ.

Kosa moja halionekani kwa multimeta. Ledi ikimulika fotorezistansi, inajizimisha yenyewe nusu na kubaki na mwanga hafifu. Geuza uso wa fotorezistansi, au uvike kipande cha mrija mweusi.

Ukiihamishia kwenye plaki ya kulehemu, tumia risasi ya 63/37: sehemu 63 ni bati, chuma kinachotoka kwenye madini ya kasiteriti, na risasi hiyo huyeyuka kwa digrii 183. Pasha mguu na shaba pamoja, ndipo uguse kwa risasi. Kiungo kizuri hung'aa na kuteremka kama mlima; kilichojikunja kama tone juu ya mguu hakijashika. Kabla ya mvua za Septemba paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya viungo vyote, ila uso wa fotorezistansi uache wazi.