Mtihani wa barabarani: ninayowasisitizia wanafunzi wangu

Mtahini huanza kukupima hata kabla hujawasha gari. Rekebisha kiti kwanza, ndipo vioo, kisha funga mkanda. Ukianza na vioo halafu ukasogeza kiti, itabidi uvirekebishe upya.

Mimi nafundisha udereva, na kila mwanafunzi namwambia: siku hiyo kuchungulia kioo kwa pembe ya jicho hakutoshi. Geuza kichwa kidogo, mtahini akuone. Kabla ya kuhama njia, angalia kioo, washa indiketa, halafu tupa jicho begani, maana pikipiki hupenda kukaa pale pale kioo kisipofika.

Kwenye alama ya kusimama, simama. Matairi yatulie kabisa, hata kama barabara ni nyeupe. Kunyatanyata si kusimama, na wengi huangukia hapo.

Kilima ndicho kinachotoa watu jasho. Gari likiwa la gia za mkono, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka mlio wa injini ubadilike na pua ya gari iinuke kidogo. Ongeza mafuta kiasi, ndipo uachie breki ya mkono. Likizima, usipapatike: kanyaga breki na klachi, washa upya, angalia vioo, endelea.

Kuegesha? Polepole tu, hakuna anayekukimbiza.

Ukiweza, fanya mazoezi kwa gari lile lile utakalofanyia mtihani, kwa sababu kila klachi ina mahali pake pa kushika.