Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuifungulia Wavuti Seva ya Biashara

Zamani seva, yaani kompyuta kuu, ya duka la jumla hapa Kisumu ilikuwa na kazi ya ndani tu: hesabu ya mali, risiti, madeni ya wateja. Ikizimika, karani alichukua kitabu na kalamu, kazi ikaendelea. Siku hizi M-Pesa huiletea taarifa ya kila malipo, ankara hupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, na mteja wa Busia huagiza mali kwa simu saa nne usiku. Mitambo hiyo haimngojei karani atafute kitabu. Kwa hiyo, kabla hujamwambia fundi aunganishe seva na wavuti, nakusihi uyaweke haya sawa kwanza.

Anza na stima. Ukanda wa Ziwa hupigwa radi nyingi, na mara nyingi mvua huja alasiri, duka likiwa limejaa. Watu hununua UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta stima ikikatika, wakadhani wamemaliza, kumbe radi hupitia hata kwenye waya wa mtandao. Kama ofisi iko upande mmoja na ghala liko ng'ambo ya ua, usiunganishe majengo hayo kwa waya wa shaba. Weka faiba, yaani waya wa kioo, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Mwite fundi wa umeme apime waya wa ardhini kabla ya masika. Kisha hakikisha UPS inaiamuru seva ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi, na UPS ya kawaida ya duka haifiki huko. Angalia pia kile kibetri kidogo cha saa ndani ya seva. Kikifa, seva ya zamani huamka na tarehe ya miaka iliyopita, vyeti vya usalama vinavyothibitisha tovuti vikakataliwa, na watu wakashinda wakilaumu intaneti.

Laini mbili za intaneti ni jambo jema, lakini ziulize kampuni zote mbili kebo zao hutoka mjini kwa barabara gani. Kama zote zinafuata nguzo zilezile, katapila moja la ujenzi wa barabara litazikata kwa pamoja. Hata baharini ni hivyo: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika karibu wakati mmoja, na Kenya ikahisi. Laini ya pili iwe ya mtandao wa simu za mkononi, hata ikiwa ya polepole.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Usiwalete watu wa nje kwenye seva yenye vitabu vyako vya hesabu. Kodisha seva ndogo kwenye wingu, yaani kwenye kituo cha kampuni inayokodisha kompyuta kupitia intaneti, uiweke huko sehemu inayopokea maagizo na taarifa za malipo, kisha seva ya dukani ndiyo iwe inaifuata huko na kuchukua kilichofika. Kwa mpangilio huo hufungui mlango wowote dukani, huhitaji anwani ya kudumu ya IP (namba ya kulitambulisha duka kwenye intaneti), na stima ikipotea Kisumu, taarifa za M-Pesa zinaendelea kupokelewa zikingoja duka liamke. Amazon ina vituo Cape Town tangu 2020, kwa hiyo si lazima data yako ipelekwe Ulaya. Kama fundi anataka kuihudumia seva ya dukani akiwa nyumbani, asifungue lango la 3389, linalotumika kuiendesha Windows kwa mbali, moja kwa moja kwa intaneti. Hilo hupapaswa na wezi usiku na mchana. Apitie VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti. Na kama seva bado ni Windows Server 2012, ujue iliacha kupata viraka vya kawaida, yaani marekebisho ya kuziba mianya, Oktoba 2023. Ibadilishe kwanza.

Programu ya malipo nayo ijaribiwe kwa ukali. Namba ya muamala wa M-Pesa ina herufi na tarakimu 10. Iwekwe kwenye hifadhidata kama kitu kisichorudiwa, ili taarifa ikija mara mbili mteja asihesabiwe mara mbili. Na isipokuja kabisa, programu iweze kuuliza hali ya muamala yenyewe, badala ya keshia kubishana na mteja aliyeshika simu yenye ujumbe wa kuthibitisha.

Nakala za akiba wengi wanazo, lakini wachache wamewahi kuzirudisha. Chukua kompyuta nyingine, rudisha nakala ya jana, fungua deni la mteja unayemjua, ulinganishe na kitabu. Nakala moja ikae nje ya jengo, na isiwe imeunganishwa na seva muda wote, maana kirusi cha kufunga mafaili hufunga kila kinachofikiwa.

Jina la tovuti lako la .co.ke liandikishwe kwa jina la biashara na baruapepe ya biashara, wala si ya fundi. Manenosiri makuu yawe kwenye bahasha iliyofungwa, mahali mwenye duka anapajua. Majina na simu za wateja sasa ni dhamana: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, kwa hiyo amua mapema nani atakayeandika barua hiyo.

Siku ya kuhamia isiwe mwisho wa mwezi wala Desemba. Jumanne asubuhi inafaa. Siku moja kabla, punguza muda wa kumbukumbu ya DNS (orodha inayoelekeza jina la tovuti kwenye seva) uwe sekunde 300, ili kurudi kwenye mfumo wa zamani mambo yakiharibika kuchukue dakika chache, na mfumo wa zamani uuache ukiwaka mpaka hesabu za mwezi mzima zilingane.